Nyumbani tumeahidi paa, moyo umeshikwa na Lincoln ya mwaka 1970

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mtu wa Tanga, nina miaka 47. Naishi Lansing, hapa hapa Michigan, mwaka wa 14 sasa, na mke wangu na watoto watatu. Kazi yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nimekuwa nikikusoma kimya kimya, lakini leo yamenifika nami nimeona nikuandikie.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mzee wa Kimarekani aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Ford pale Wixom mpaka akastaafu. Tulipohamia mtaa huu, theluji ya kwanza ilipotufungia mlango, yeye ndiye aliyekuja na koleo lake kunionyesha jinsi ya kuitoa bila kuumia mgongo. Tukazoeana. Mke wangu akipika vitumbua, sahani moja inavuka ua. Na yeye siku za Jumapili huniita gerejini kwake tukae kwenye viti vya plastiki tumtazame “bibi mkubwa”. Ndivyo alivyoliita gari lake: Lincoln Continental Mark III ya mwaka 1970, rangi ya kijani iliyokolea, paa la vinili nyeusi, milango miwili tu, kila mmoja mrefu kuliko kitanda cha mwanangu wa mwisho. Hakuliendesha tangu mwaka 2011, macho yalipoanza kumsumbua. Lakini kila Jumapili alilifuta vumbi. Alikuwa akinifungulia mlango nikae, ananyamaza, nami nanyamaza. Ndani pananukia ngozi ya viti. Kwenye dashibodi pana saa ndogo imeandikwa Cartier. Sikujua kama kuna gari lenye saa ya sonara.

Mzee alifariki Novemba. Mkewe anauza nyumba aende kuishi kwa binti yake Arizona. Wiki iliyopita kaniita, kanipa chai, akaniambia: “Mume wangu angependa liende kwako. Nipe dola 9,500, lakini iwe kabla Aprili haijaisha.”

Mjomba, tangu siku hiyo silali vizuri. Tunazo dola 12,000 tulizodunduliza kwa miaka minne ili tuezeke nyumba yetu ya Pongwe, kule Tanga. Kuta zimesimama, mbao zimekwisha nunuliwa, mafundi wanasubiri mabati. Nilimwambia mke wangu kwamba gari hili ni kitega uchumi. Binamu yangu aliyeko Dallas ndiye aliyenitia maneno hayo: anasema magari ya zamani ya Kimarekani bei yake hupanda kila mwaka, kwamba baada ya miaka kumi nitaliuza dola 40,000, na kama sitaki kuliuza tulisafirishe Tanga likodiwe kwa harusi. Mke wangu hakubishana nami. Alisema tu, “Sawa baba Salma, wewe ndiye unayejua magari,” akaenda kulala. Kimya hicho kinanitafuna.

Nataka kujua kutoka kwako uliyezoea magari haya. Je, ni kweli bei yake hupanda? Kama si kweli, basi watu wanayapendea nini, na mimi nimepatwa na nini? Na bei ya yule mama, nimpunguze au nimpe anavyotaka? Naona haya kupatana bei na mjane wa rafiki yangu.

Mpwa wako, Lansing

*

Marahaba, mpwa wangu, na pole kwa msiba. Jirani aliyekufundisha kutoa theluji ni ndugu.

Barua yako inauliza habari za gari, lakini naanza na kimya cha mkeo. Ulipomwambia kwamba gari ni kitega uchumi ulimfungia mlango wa kusema. Mambo ya bei za magari ya Kimarekani hayajui, na wewe unajulikana kuwa mtu wa magari, basi angesema nini? Lakini ungemwambia, “Mke wangu, nimelipenda gari la marehemu, nahisi nikilikosa nitajuta,” hilo angelijua namna ya kulijibu, maana anakujua wewe kuliko mtu yeyote. Angeweza kukubali, angeweza kukataa, angeweza kusema tungoje. Kwa hiyo kabla hujafika popote na hizo dola 9,500, rudi ukamwambie neno la kweli. Na ili usirudi tena na hadithi ya binamu, ngoja nikupe hesabu yenyewe.

Mwaka 1976 kampuni ya Cadillac ilitangaza kwamba Eldorado la paa la kukunjwa la mwaka huo ndilo gari la mwisho la aina hiyo kutengenezwa Marekani. Yalitoka 14,000. Yale 200 ya mwisho yalipakwa rangi nyeupe yote, yakachorwa mistari ya bluu na nyekundu, kwa kuwa nchi ilikuwa inatimiza miaka 200. Watu walipigana kuyapata. Bei ya kiwanda ilikuwa dola 11,000 na kitu, wengine wakalipa zaidi ya hapo, kisha wakayafungia ndani bila kuyaendesha, wakingoja utajiri. Mwaka 1984 Cadillac hao hao wakatoa Eldorado jipya la paa la kukunjwa. Baadhi ya walionunua yale ya 1976 walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba wamedanganywa. Mpaka leo magari yale hujitokeza sokoni yakiwa na maili chache mno, plastiki za viti bado zimo. Sasa kumbuka kwamba dola 11,000 za mwaka 1976 ni sawa na dola 60,000 hivi za leo. Mengi ya magari hayo huuzwa chini ya hapo kwa mbali. Mtu aliyelitunza gari karibu miaka hamsini, akalipia bima na mahali pa kuliweka, asilifurahie hata siku moja, amepata hasara mbili.

Na hilo ni la paa la kukunjwa, ambalo wakusanyaji hulipa zaidi. Lako lina paa la bati chini ya vinili.

Mark III lilitengenezwa kwa miaka mitatu ya modeli, 1969 hadi 1971, na jumla yake ni zaidi ya 79,000. Ya 1970 peke yake yalikuwa 21,000 na ushei. Si adimu. Ukitaka adimu, mtazame babu yake, Continental Mark II ya 1956 na 1957: yalitoka 3,000 hivi tu, kila moja likiunganishwa kwa uangalifu wa fundi cherehani, na bei yake ilikuwa kama dola 10,000 wakati Ford la kawaida lilipatikana kwa 2,000. Elvis Presley alikuwa nalo, Frank Sinatra alikuwa nalo. Hilo leo hupigiwa mnada kwa fedha nyingi. Mark III lililo zima, linalotembea, lenye makovu machache ya umri, mara nyingi huuzwa chini ya dola 20,000. Yapo machache yanayozidi hapo, yale yaliyotunzwa kama yai tangu siku ya kwanza au yaliyorudishwa upya na mtu asiyejali gharama. Na huyo asiyejali gharama, mpwa wangu, karibu kila mara ametumia zaidi ya bei aliyouzia.

Kwa nini iwe hivyo, wakati bei za Mustang na Camaro, magari ya vijana ya miaka hiyo hiyo, zinapaa? Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Mtu hununua gari alilolitamani akiwa na miaka 17. Vijana wa 1970 walitamani Mustang, wakakua, wakapata fedha, wakazirudia. Lincoln lilinunuliwa na daktari au mwenye duka wa miaka 55 ambaye watoto wake wamekwisha ondoka nyumbani. Hao wametangulia mbele ya haki, na wajukuu zao hawakuota Lincoln. Sababu ya pili ni spea. Kwa Mustang unaweza kuagiza karibu kila kipande kipya, tangu kitasa hadi sakafu. Kwa Mark III, plagi na mipira ya breki utapata duka lolote, maana injini hiyo Ford waliiweka katika magari mengi. Lakini kipande cha kromu cha pembeni, kioo cha mlango, pambo la taa ya nyuma, utavitafuta kwa watu wanaovunja magari yaliyokufa, na utalipa watakavyosema. Rangi nimepiga huku Michigan kwa miaka 22, na nimeona zaidi ya gari moja la kifahari likiachwa nusu kwa sababu ya bampa tu: kuchovya kromu upya kwa bampa kubwa namna ile kulimshinda mwenyewe.

Basi binamu akikwambia dola 40,000, muulize nani atakayezilipa.

Hapo nimemaliza ubaya. Swali lako la pili ndilo nililolipenda, kwa sababu uliuliza kwa aibu jambo lisilo na aibu.

Wamarekani baada ya vita ya pili walijenga magari ya familia, marefu, ya milango minne, watoto nyuma, mbwa kwenye buti. Halafu likaja wazo lingine: gari kubwa kama la familia, lenye injini kubwa kama hiyo, lakini la milango miwili, kwa ajili ya watu wawili. Hii ni anasa ya ajabu ukiifikiri. Unalipa fedha zaidi ili upate nafasi ndogo zaidi. Ford walionyesha njia mwaka 1958 walipoifanya Thunderbird iwe ya viti vinne. Mwaka 1963 General Motors wakaleta Buick Riviera, kazi iliyosimamiwa na Bill Mitchell, na mimi nasema mpaka leo halijatoka gari la Kimarekani lenye mwili uliochongwa vizuri kama lile. Mstari wa bega lake ukiupitishia kiganja unahisi ni kipande kimoja toka mbele hadi nyuma. Waliyatengeneza 40,000 tu mwaka ule kwa makusudi, ili hamu ya watu isiishe. Kisha Oldsmobile Toronado ya 1966, iliyovutwa na magurudumu ya mbele, jambo ambalo kiwanda cha Marekani hakikulifanya tangu magari ya Cord ya miaka ya 1930. Kisha Eldorado la 1967, lenye pembe kali kama karatasi iliyokunjwa.

Lincoln, tawi la kifahari la Ford, walikuwa hawana la kujibu. Inasimuliwa kwamba Lee Iacocca, aliyekuwa mkubwa pale Ford, alimpigia simu mkuu wa wachoraji wake akamwambia aweke uso wa Rolls-Royce kwenye Thunderbird. Na kweli ukilala uvunguni mwa gari lako utakuta chesisi ya Thunderbird ya milango minne. Wapo wanaolidharau kwa hilo. Mimi silidharau, kwa sababu walichokijenga juu ya chesisi hiyo kilikuwa na adabu yake: boneti ndefu kupita kiasi, uso wima unaong'aa, taa zilizofichwa nyuma ya vifuniko zisikutazame mpaka giza liingie. Na lile nundu kwenye kifuniko cha buti, lenye umbo la gurudumu, lina nasaba. Mwaka 1939 Edsel Ford, mwana wa Henry, alitengenezewa gari la kwenda nalo mapumzikoni Florida, lililochorwa na Bob Gregorie, gurudumu la akiba likasimamishwa wima nyuma. Marafiki zake walipoliona walilitaka, na hapo jina la Continental likazaliwa. Katika gari lako nundu ni umbo tu, lakini yeyote anayejua akiliona analikumbuka lile la kwanza.

Injini ni V8 ya inchi za ujazo 460, lita saba na nusu, nguvu za farasi 365 kwa kipimo cha siku zile. Nasema kipimo cha siku zile kwa sababu tangu 1972 Wamarekani walianza kupima injini ikiwa imefungwa kila kitu chake, ekzosi na feni na vyote, tena mgandamizo ulikuwa umepunguzwa, kwa hiyo kwenye karatasi namba zilianguka vibaya. Yako ni ya kabla ya anguko hilo. Lakini hiyo si injini ya mbio. Ilitengenezwa ili gari la zaidi ya tani mbili liondoke mahali lilipo bila wewe kusikia limeondoka. Wewe dereva wa lori unajua thamani ya kimya barabarani. Siku utakapolikalia likitembea, dirisha limefungwa, boneti iko mbele yako kama gati, utajua kwa nini mzee wako hakuwa akisema neno mle ndani.

Tena yule hakulipenda kama mnunuzi tu. Mark III zilitoka Wixom. Huenda alimfungia mtu mwingine mlango wa gari kama hili mara elfu kabla hajapata la kwake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2007. Ninaposoma kwamba alilifuta vumbi kila Jumapili kwa miaka asiyoliendesha, naelewa kabisa ulichopatwa nacho: ulikaa na mtu akiwa pamoja na kazi ya maisha yake, na hamu yako ya gari imechanganyika na hamu ya mtu. Sikwambii uzitenganishe. Nakwambia uzijue zote mbili, maana gari utalipata kwa fedha.

Sasa gari lenyewe. Usiliwashe. Naomba unisikilize hapo hata kama mengine utayasahau. Petroli iliyolala tangu 2011 imegeuka gundi, ukiisukuma kwenye kabureta umejitafutia kazi ya mwezi mzima. Tangi lishushwe na lioshwe, hozi zote za mafuta zibadilishwe kwa za kisasa zinazostahimili mafuta yenye ethanoli, kabureta ifunguliwe. Breki zote zifumuliwe, kwa sababu maji huingia kwenye mafuta ya breki na pistoni za ndani zinashika kutu. Tairi hata zikiwa na kashata nzuri ni za kutupa, mpira wa umri huo hupasuka. Halafu uliza kama gia ya mnyororo wa taimingi iliwahi kubadilishwa. Ya kiwandani meno yake yalifunikwa nailoni, na nailoni ya miaka hamsini na kitu huvunjika vipande vikaanguka ndani ya sampu ya oili. Wengi wameua injini nzuri hivyo.

Adui mkubwa lakini ni paa. Vinili inapendeza ukiwa mbali. Chini yake maji ya chumvi ya barabara za Michigan huingia taratibu, hasa kwenye kona za kioo cha nyuma, na bati linaoza huku juu pakiwa pazuri. Pitisha kiganja polepole kuzunguka kioo hicho. Ukihisi vipele kama vya maharage chini ya shuka, kutu iko pale. Fungua buti, inua kapeti, tazama sakafu na visima vya pembeni kwa tochi. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, ipitishe kwenye madigadi ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, pamejazwa puti. Kwa kuwa gari lililala ndani muda mrefu nina matumaini, lakini kabla ya 2011 liliishi Michigan, na kabla ya hapo hujui.

Vifuniko vya taa vinaendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini kupitia mipira myembamba, na gari lenyewe limejaa mipira hiyo. Baada ya kulifufua, lizime ulilaze usiku kucha. Asubuhi ukikuta kifuniko kimoja kimesogea chenyewe, pana mpira unavuja. Ni kazi ya subira, si ya fedha nyingi.

Kwa uzoefu wangu kulifufua hivyo, bila kugusa rangi wala paa, kutakula dola 3,500 hadi 4,500 kama kazi nyingine utafanya mwenyewe. Jumlisha na 9,500. Umefika 13,000 au 14,000, yaani karibu na bei ya soko ya gari la namna hiyo, au umeipita kidogo. Ukiliendesha ni kilomita nne hadi tano kwa lita, na linataka petroli ya daraja la juu. Bima ya magari ya zamani ni nafuu, nayo hulipa thamani mliyokubaliana mapema, lakini watataka liwe ndani ya gereji inayofungwa na uwe na gari jingine la kila siku. Gereji unayo?

La Tanga nalipita haraka. Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa, juu ya ushuru wa kawaida. Kuna nauli ya meli. Usukani uko kushoto. Fundi wa kabureta ya Lincoln utamtoa Michigan. Na hewa ya bahari, wewe mtu wa Tanga unajua inavyofanya mabati. Paa la vinili halimalizi masika mawili. Harusi ngapi zitarudisha hizo? Lifute wazo hilo.

Kuhusu bei ya yule mama, haya yako ni ya heshima lakini isikufanye ununue bila kutazama. Mwambie hivi: “Mama, nalipenda, ila niruhusu nilikague mchana kweupe.” Kisha mweleze ulichokiona, kizuri na kibaya. Kama paa limeoza, dola 9,500 ni nyingi, na kumwonyesha mahali palipooza kwa mkono wake mwenyewe hakumdhulumu. Kama ni zima na hati ya umiliki ipo, 9,500 ni haki, mpe bila kupunguza hata dola. Na ukikuta ni zuri kuliko tulivyodhani, mwambie hivyo pia. Wenye Lincoln wana chama chao tangu 1953, atapata wa kumuuliza, na siku akigundua uliificha thamani hutaweza tena kumpigia simu Arizona. Ukishindwa kulinunua, msaidie kuliuza kwa watu hao badala ya mvunja magari. Hilo nalo marehemu angelipenda.

Na fedha? Zile 12,000 zina jina, zinaitwa mabati ya Pongwe. Watu wawili ndio waliozipa jina hilo, kwa hiyo mmoja hawezi kulibadilisha. Lakini sijakwambia ukate tamaa. Dereva wa masafa ana njia za kupata safari za ziada. Muulize mama kama atapokea dola 2,000 sasa, zinazobaki mpaka mwisho wa kiangazi, kwa maandishi, hati ibaki kwake. Anataka gari litoke kabla ya Aprili kwisha kwa sababu nyumba inauzwa, na pengine akijua lina pa kukaa kwako hana haraka ya fedha yote. Kama ana haraka, basi amekwisha kukujibu.

Kabla ya kwenda kwa mama, mpeleke mkeo Hickory Corners, kwenye makumbusho ya magari ya Gilmore. Si mbali na Lansing, saa moja na dakika kadhaa. Kuna jengo zima la Lincoln pale. Tembeeni polepole, umwonyeshe, usimweleze habari ya bei. Mweleze habari za yule mzee na viti vya plastiki. Kisha mkirudi, mwombe mama awafungulie gereji, umketishe mkeo kiti cha mbele cha kulia, ufunge mlango ule mrefu taratibu, uzunguke ukae upande wa usukani. Mpe nafasi aseme atakachosema mle ndani, na likiwa “hapana” likubali pale pale.

Halafu niandikie. Nitajie namba ya chesisi inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Ikianza na 0Y89A, sifuri ni mwaka 1970, Y ni Wixom, 89 ni Mark III na A ni ile injini ya 460. Nami nitakutafutia fundi mzuri wa kabureta upande wa Lansing, kama mtakuwa mmekubaliana.

Mjomba wako